Malalamiko kuhusu ziara ya nyumba alikozaliwa Shakespeare

Meneja,
Idara ya Safari za Nje,
Dar es Salaam.

YAH: KUREJESHEWA FEDHA ZA ZIARA YA STRATFORD-UPON-AVON

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa wale walimu wastaafu 14 mliotupeleka Uingereza. Kuhusu ndege na hoteli ya London sina neno. Chai ilikuwa nyepesi, lakini hiyo si kesi. Kesi yangu ni siku ya nne, ambayo kwa ajili yake niligusa kiinua mgongo changu.

Kipeperushi chenu, ninacho hapa mezani, kinaahidi kukaa ndani ya nyumba alikozaliwa Shakespeare "kwa muda wa saa mbili, kiingilio kimeshalipwa". Tulikaa dakika 25. Kiingilio tulilipa wenyewe mlangoni, kila mtu kwa mfuko wake, kwa maelezo ya kijana wenu mwongozaji kwamba tiketi "zimekwama kwenye mtandao".

Muda uliishia madukani. Tulipotoka London basi lilichepuka, likatushusha kwenye maduka ya nguo, na huko tukakaa zaidi ya saa mbili na nusu bila mtu yeyote kuwa ameomba. Wenzangu watatu walinunua viatu, sikatai. Lakini mzee wa miaka 71 hatoki Morogoro kwenda Uingereza kutafuta soksi.

Nimefundisha fasihi miaka 32. Shakespeare nilimsoma kwanza kwa Kiswahili: Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969, nakala ya shule iliyokuwa imeshapoteza jalada. Tangu hapo nimewasimulia wanafunzi kwamba huyo mnayemwogopa kwenye mtihani alikuwa mtoto wa fundi glavu wa mji mdogo. Nilitaka niione hiyo karakana kwa macho yangu.

Na nimeiona, tena mbiombio. Iko chini, upande wa Mtaa wa Henley. Glavu zimetundikwa, ngozi zimewambwa, ndipo mzee John Shakespeare alipofanyia kazi na biashara yake. Mama mmoja mhudumu alikuwa ameanza kunieleza jinsi ngozi zilivyolainishwa kwa shabu. Akanichekesha kwa kusema kwamba mwaka 1552 mzee huyo alitozwa faini ya shilingi moja kwa kurundika taka mtaani hapo hapo. Nikawakumbuka mabwana afya wetu. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo niulize swali, simu ikaita: "Mwalimu, pandeni juu haraka, tunachelewa."

Juu kuna chumba kinachoaminika ndicho alimozaliwa. Kuna pia kioo cha dirisha la zamani, ambacho wageni wa miaka hiyo walichora majina yao juu yake, mwandishi Walter Scott akiwa mmoja wao. Siku hizi ukifanya hivyo utafukuzwa, na ni haki. Nilitafuta jina la Scott katika ile mikwaruzo, sikulipata. Lilitaka utulivu na miwani yangu ya pili, iliyokuwa imebaki kwenye basi.

Hapo ndipo mwongozaji wenu akatutangazia kwamba Shakespeare alizaliwa na pia kufia chumbani humo. Si kweli. Alifariki mwaka 1616 akiwa na nyumba yake kubwa, New Place, aliyoinunua mwaka 1597. Nyumba hiyo ilibomolewa mwaka 1759, na kiwanja chake, ambacho sasa ni bustani, kiko mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Hata tarehe 23 Aprili aliyoitaja kama siku ya kuzaliwa ni ya mapokeo tu. Kilichoandikwa kanisani ni ubatizo wa tarehe 26 Aprili 1564. Nilimsahihisha kwa upole, pembeni, nisimwaibishe. Akanijibu mbele ya wote: "Mwalimu, hapa hatupo darasani."

Sitaki kijana huyo afukuzwe kazi. Nataka afundishwe. Mtu anayelipwa kueleza nyumba iliyonunuliwa kwa pauni 3,000 za michango mwaka 1847, baada ya Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho wa Marekani, kutaka kuing'oa na kuivusha bahari, angalau ajue nani alifia wapi.

Kwa hiyo naomba mnirudishie kiingilio nilicholipa mara ya pili, pamoja na nusu ya gharama ya ziara ya siku hiyo. Nakala za stakabadhi nimeziambatanisha. Naomba pia maneno "kwa muda wa saa mbili" yaondolewe kwenye kipeperushi, au basi liache kupita madukani, mchague moja. Nasikia mnaandaa kundi lingine la walimu, na baadhi yao ni wanafunzi wangu wa zamani ambao wameshanipigia kuuliza.

Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi. Kwa simu nimeshaambiwa mara tatu kwamba suala langu linashughulikiwa.

Wenu,

Mwalimu mstaafu,
Morogoro.