Barua kwa vijana wafanyabiashara wa Lamu: wakfu uandikwe

Wanangu wa Mkomani na Langoni, wenye maduka, maboti na nyumba za wageni,

Assalaam alaykum.

Ramadhani hii nimewaona mkigawa unga na tende. Mungu awalipe. Lakini mama mmoja mjane aliona heri arudi na kikapu kitupu kuliko kupigwa picha akipokea. Hilo limenikaa moyoni.

Miaka ya 1970 nilikuwa karani wa mzee mmoja aliyeuza boriti, miti ya mikoko ya kujengea. Majahazi ya Uarabuni yalikuja na upepo wa kaskazi, yakangoja wa kusi yarudi, nami nikihesabu miti ufukweni: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila ishirini korija moja. Wakataji walichukua posho kabla ya kuingia mikokoni, na deni likaandikwa daftarini. Msimu ukiharibika, mzee alimwita mkataji peke yake, akafunga mlango wa duka, akamsomea deni lake, kisha akalipiga mstari kwa wino mwekundu. Hata mimi karani sikuruhusiwa kubaki ndani. Nilijua kesho yake, nikifungua daftari.

Mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje, biashara yake ilikufa. Ila mwalimu wa chuo cha Kurani aliendelea kupata mshahara, na kisima kikaendelea kutengenezwa, kwa kuwa duka moja mzee alikuwa amelitia wakfu, yaani amelitoa kwa ajili ya Mungu: hati ipo, mashahidi wapo, mutawali, msimamizi wake, ametajwa kwa jina. Duka la wakfu haliuzwi wala halirithiwi. Kodi ya mpangaji wake ndiyo inayotumika.

Duka la pili alilitoa kwa mdomo, jioni moja tukifunga hesabu, mimi na yeye tu. Alisema ni la mayatima. Alipofariki, warithi hawakuafikiana, na neno langu peke yangu halikutosha. Likauzwa. Mpaka leo najilaumu, maana kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Basi nawaomba, wanangu. Mwenye japo chumba kimoja cha kupangisha akitie wakfu angali hai na mzima. Msitegemee wasia, hauzidi theluthi ya mali. Nendeni kwa kadhi na mashahidi wenu, na mchague mutawali mnayeweza kumwuliza hesabu bila kuoneana haya. Na simu ziacheni mfukoni.

Nakala ya hati ya lile duka la kwanza ninayo. Kila siku baada ya alasiri nipo barazani, njooni tuisome.

Wasalaam,
Babu yenu