Kwa vijana wetu walioikataa sehemu ya mlinzi wa geti

Wanangu na wajukuu zangu wa kikundi cha maigizo,

Shikamoo zenu za simu nimezipokea, marahaba. Ninaandika hadharani kwa sababu maneno yenyewe yameshatoka nje. Hata muuza magazeti wa pale stendi kaniuliza jana kama ni kweli mmesusa. Sehemu zimegawiwa juzi tu, na tayari watatu hawaonekani mazoezini. Mmoja alipewa mlinzi wa geti, wa pili muuza kahawa, wa tatu karani wa mahakama. Nimeambiwa huyo wa geti kasema ana miaka 31, kachelewa vya kutosha, hawezi kupoteza umri akifungulia geti watoto wanaofanywa masteringi.

Sikukasirika. Nimemkumbuka Bill Cobbs, mwigizaji wa Marekani.

Jina haliwaambii kitu, najua. Sura mnaijua. Mkanda wa The Bodyguard wa mwaka 1992 ulizunguka mtaani kwetu mpaka picha zikawa zinatetemeka kwa uchakavu, na macho ya kila mtu yalikuwa kwa Whitney Houston na Kevin Costner. Sasa yule mzee wa suti, meneja wa mwimbaji, anayemfuata Costner nyumbani kwake kumbembeleza akubali kazi, mnamkumbuka? Ndiye huyo. Asingekwenda kubembeleza, steringi angebaki kwake, na filamu ingeishia hapo.

Alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, Juni 1934. Hakusomea uigizaji. Alitumikia jeshi la anga la Marekani miaka minane akiwa fundi wa rada. Aliporudi uraiani alifanya kazi IBM, kampuni ya kompyuta, akauza pia magari. Huko kwenye magari ndiko mteja mmoja alimuuliza kama angependa kucheza katika mchezo wa kuigiza. Hebu fikirini: mtu kaja kutafuta gari, anaondoka kamwachia muuzaji kazi ya maisha.

Na alikokwenda kujifunza jukwaa ni hapohapo mjini kwao, katika nyumba inayoitwa Karamu House. Ndiyo, karamu hiihii yetu. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1915 na mtu na mkewe, Russell na Rowena Jelliffe, ili Weusi na Weupe wakutane katika sanaa wakati ambapo jambo hilo halikuwa la kawaida nchini mwao. Mwaka 1941 nyumba nzima ikachukua jina hilo la Kiswahili. Wao huifasiri kuwa mahali pa kukutania kwa furaha. Sisi tukisikia karamu tunanusa pilau kwanza, lakini sina ugomvi nao; pilau bila watu nayo si karamu. Michezo ya Langston Hughes, mshairi na mwandishi Mweusi wa Marekani, ilichezwa pale. Cobbs alicheza pale Purlie Victorious, mchezo wa Ossie Davis, akiwa mwigizaji wa ridhaa tu, asiyelipwa.

Mwaka 1970 aliacha kazi yenye mshahara akahamia New York. Alikuwa na miaka 36. Wewe wa geti, hesabu mwenyewe.

Huko hakupokewa kwa matarumbeta. Aliendesha teksi, akatengeneza mashine za ofisini, akauza vitu vya kuchezea watoto. Hapo kwenye mashine za ofisini naomba mniruhusu nitabasamu, maana nami nimekula kwa mashine za taipu miaka 22, na wengi wenu hata kuiona taipu hamjaiona. Jioni nikinawa wino mikononi kwa mafuta ya taa, nakimbilia mazoezi. Nilikuwa naona haya kunuka mafuta mbele ya wenzangu walimu na makarani. Haya hiyo ilinipotezea mengi, nitawaambia.

Cobbs alipata sehemu yake ya kwanza ya kulipwa katika Negro Ensemble Company, kundi la maigizo la Weusi lililoundwa New York mwaka 1967. Kwenye filamu aliingia mwaka 1974, katika The Taking of Pelham One Two Three, hadithi ya watekaji wa treni ya chini ya ardhi. Alicheza nani? Mtu aliyesimama stesheni. Ukiinama kuokota karanga umemkosa. Alikuwa na miaka 40.

Baada ya hapo hesabu inakwenda mpaka kazi karibu 200 za filamu na televisheni. Sizitaji zote. Katika Demolition Man ni polisi mzee anayemtambua Sylvester Stallone aliyeamshwa kutoka kwenye barafu. Katika That Thing You Do! ni mpiga piano wa jazi ambaye kijana mpiga ngoma anamhusudu kupita kiasi. Anakaa kwenye piano kama mtu aliyekaa hapo maisha yake yote, wala hajisumbui kutuonyesha kwamba yeye ni mkubwa.

Ila ninayotaka muitazame ni The Hudsucker Proxy ya mwaka 1994. Humo Cobbs ni Moses, mzee anayetunza saa kubwa iliyo juu ya jengo la kampuni. Kazi ndogo, ya mtu wa chumba cha mitambo. Lakini yeye ndiye anayetusimulia hadithi, na steringi anapoanguka kutoka ghorofani, Moses anaisimamisha saa. Wakati wenyewe unasimama. Steringi ananing'inia hewani, theluji haishuki, dunia nzima inamsubiri mtunza saa aamue. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu.

Na kama neno mlinzi ndilo linalokuumiza, katika Night at the Museum ya mwaka 2006 alikuwa mlinzi wa usiku, pamoja na Dick Van Dyke na Mickey Rooney, wazee watatu wenye sare, na kumbe ndio wezi wenyewe. Alikuwa na miaka 72. Tuzo ya Emmy, ya televisheni ya Marekani, upande wa vipindi vya mchana, aliipata mwaka 2020, kwa kucheza katika kipindi cha watoto, Dino Dana, akiwa na miaka 86. Alifariki nyumbani kwake California tarehe 25 Juni 2024, siku tisa baada ya kutimiza miaka 90.

Sasa ile haya yangu. Zamani nilipewa sehemu ya tarishi katika mchezo mmoja: kuingia, kutoa barua, kutoka. Nilikataa. Nikasema mchana kutwa nabeba mashine za watu, usiku tena nibebe barua? Aliyeichukua akaingia akihema, akajifuta jasho, akaishika barua kama kitu cha moto, akasita, akaangalia nyuma mlangoni kabla ya kuitoa. Ukumbi ukanyamaza. Mzee huyo yuko hai, na akipita sokoni bado wanamwita Bwana Barua. Mimi niliyengoja sehemu kubwa, ulizeni kama kuna anayekumbuka niliwahi kucheza.

Wewe wa geti umelinda kweli usiku, nalijua hilo, kwenye ghala kule bandarini. Unajua mlinzi anavyokaa saa tisa alfajiri, miguu anaiweka wapi, redio anaishusha sauti kiasi gani. Huyo kijana anayecheza steringi hajui. Mwandishi wa mchezo naye hajui, kaandika tu "mlinzi anafungua geti."

Mazoezi ni Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi uleule. Nimemwomba kiongozi asigawe upya sehemu zenu mpaka siku hiyo ipite. Muuza kahawa asihangaike kutafuta vyombo. Nitakuja na birika langu na vikombe sita. Kimoja kimemeguka ukingo, na hicho ndicho kinacholia vizuri ukivigonganisha.

Babu yenu,
fundi taipu mstaafu, Tanga