Nusu marathoni ya milima haikimbiwi kwa ratiba ya tambarare

Mhariri,

Ratiba za mazoezi ya nusu marathoni zinazochapishwa magazetini, pamoja na majedwali yake ya kasi, karibu zote zimeandaliwa kwa njia tambarare. Mkimbiaji wa ridhaa anayewania muda wake bora huzichukua zilivyo na kwenda nazo kwenye mashindano ya milima, na huko ndiko zinakomwangusha. Tunaomba nafasi tulieleze jambo hili, maana linajirudia kila msimu na linazuilika.

Tuchukue mkimbiaji anayetaka kumaliza kwa saa 1 na dakika 30. Umbali ni kilomita 21.0975, hivyo kila kilomita aimalize kwa 4:16, yaani dakika 4 na sekunde 16. Hesabu hiyo ni sahihi panapokuwa tambarare. Kanuni ambayo makocha wengi huitumia ni hii: kila asilimia 1 ya mwinuko, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 100, huongeza sekunde 8 hadi 9 kwa kilomita, lakini kila asilimia 1 ya mteremko hurudisha kama sekunde 5 tu. Kwenye mlima wa asilimia 4, kasi yake halali ni kama 4:50. Aking'ang'ania 4:16 kwa sababu saa ya mkononi inamwambia amechelewa, mwili wake unafanya kazi ya mtu anayekimbia takriban 3:43 kwenye tambarare, kasi ambayo hana hata katika mbio za kilomita 5. Kileleni atafika, tena mbele ya wenzake. Atakayoyapata baada ya hapo ni miguu mizito na pumzi isiyotulia, huku kilomita nyingi zikiwa bado zinamsubiri.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba mteremko haulipi deni lote la mlima. Njia yenye jumla ya kilomita 8 za kupanda na 8 za kushuka kwa asilimia 3 humgharimu mkimbiaji huyu kama dakika moja na nusu hata akikimbia bila kosa. Lengo la haki siku hiyo ni 1:31:30. Anayeanza mbio bila kuzikubali sekunde hizo atazitafuta mlimani, mahali pabaya kuliko pote pa kuzitafutia.

Basi aongozwe na nini? Pumzi. Mapigo ya moyo huchelewa karibu nusu dakika kuonyesha kazi iliyoanza, na kasi ya papo hapo ya GPS huyumba penye miti, majengo na kona. Pumzi haichelewi namna hiyo. Katika theluthi mbili za kwanza za mbio, ukiwa mlimani uweze kusema maneno matatu au manne kwa mkupuo. Ukibaki na neno moja tu, umepitiliza. Fupisha hatua bila kupunguza idadi yake kwa dakika, tazama mita 10 hadi 15 mbele, na usijikunje kiunoni, kwa sababu kujikunja kunabana kifua.

Kuna mita 100 ambazo karibu kila mtu huzipoteza: zile za baada ya kilele. Wengi wakifika juu hulegea na kuvuta pumzi, na kasi ya mlimani hubaki miguuni hadi mteremko uanze. Aliyepanda kwa kiasi ndiye mwenye akiba ya kurudisha hatua ndefu mara barabara inapokuwa tambarare, na hapo huwapita watu bila kuongeza nguvu ya ajabu. Fanyeni mazoezi ya sehemu hiyo hasa. Tafuta mlima wa asilimia 5 hadi 7, panda sekunde 90 kwa nguvu ya mbio za kilomita 10, na upange mahali pa kuanzia ili kilele kifike kwenye sekunde ya 70. Sekunde 20 zilizobaki zikimbie juu, tambarare, bila kulegeza. Rudi chini polepole kisha rudia, mara 6 ukianza, mara 8 au 10 ukizoea.

Hata hivyo, kinachowamaliza wengi zaidi ni kushuka, na ndicho kisichofanyiwa mazoezi. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hubeba uzito huku ikinyooshwa, na kazi ya namna hiyo huchana nyuzi zake kidogo kidogo. Maumivu makali huja siku moja au mbili baadaye, ila nguvu hupungua palepale: kufika kilomita ya 17 magoti hayainuki, hata kama pumzi ipo tele. Mkimbiaji hudhani hana stamina, akaongeza kilomita za mazoezi, na msimu unaofuata yakamkuta yale yale.

Dawa ni kuizoesha misuli hiyo, nayo huzoea haraka. Zoezi moja la kushuka hupunguza madhara ya lile linalofuata, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Chagua mteremko wa asilimia 3 au 4 wenye urefu wa mita 400 hadi 800, ushuke kwa kasi ya mashindano mara 4, na uongeze taratibu hadi mara 8. Mara moja kwa wiki inatosha, kwa wiki 5 au 6. La mwisho lisiwe ndani ya siku 10 kabla ya mashindano. Mwili uelekee mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue chini ya nyonga. Ukiegemea nyuma na kutua kwa kisigino unafunga breki, na breki hiyo ni paja lako.

Kushuka huadhibu vidole pia. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, kata kucha siku mbili tatu kabla, na pitisha kamba kwenye tundu la mwisho la kiatu ili kisigino kisiteleze. Jeli nayo, ule wanga laini wa pakiti ndogo unaomezwa njiani, ina mahali pake: imezeni na maji dakika 5 kabla ya mlima mrefu, si katikati yake, kwa sababu mtu anayehema hushindwa kumeza na tumbo huikataa. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha, na jeli moja huwa na kama 20 hadi 25.

Tuna ombi pia kwa waandaaji na kwa dawati lako la michezo. Ili rekodi ya barabarani itambuliwe, World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, inataka tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho isizidi kushuka mita 1 kwa kila kilomita, takriban mita 21 kwa nusu marathoni. Kanuni hiyo haigusi milima ya katikati: njia inaweza kupanda mita 300, ikashuka mita 300, ikaonekana sawa na tambarare kabisa. Waandaaji watoe mchoro wa miinuko wanapofungua usajili, ukionyesha kila mlima unaanza na kuisha kilomita ya ngapi, maana mita 100 za kupanda katika kilomita ya 3 na mita hizo hizo katika kilomita ya 18 ni mbio mbili tofauti. Nanyi mnapochapisha matokeo, wekeni jumla ya mita za kupanda kando ya muda wa washindi.

Wakufunzi wa wakimbiaji wa ridhaa