Rama, wamenipima sukari

Rama ndugu yangu,

Salaam nyingi kutoka Jinja, huku tuko sawa tu, mvua kila jioni, watoto wanasoma. Uliniuliza mbona juzi kwa simu sauti yangu ilikua ya mgonjwa, basi ngoja nikuandikie maana kwa simu ungenicheka.

Si unanijua mimi na muchomo, nyama choma yetu. Jumamosi lazima, na nikitoka Kampala sipiti Namawojjolo, pale wanapouza nyama barabarani, bila kushusha kioo, wale vijana wanakimbilia dirishani na vijiti vya kuku, ndizi gonja, soda, yaani hata kama umeshiba tumbo linajifanya halijala tangu juzi. Asubuhi nayo rolex (ya kula, chapati na mayai, ya mkononi sina). Sasa mwezi uliopita kichwa kikawa kizito, nikila kidogo nasinzia dukani mpaka wateja wananigongea meza, nikasema basi, presha hiyo imefika, ni nyama na ile chumvi ya pembeni ya sahani. Nikaenda kliniki moja hapa mtaani. Siku ya kwanza nilikaa na njaa mpaka saa sita, kumbe vile vijikaratasi vya mashine ya sukari vimeisha na hakuna hata mtu aliyeniambia, nikarudi kesho yake nimenuna kabisa. Wakanitoboa kidole. Sukari 6.6. Presha 138 kwa 86. Nesi mwenyewe binti mdogo tu ila ana maneno ya bibi, akasema mzee, presha ikifika 140 kwa 90 ndio tungeongea vingine, jichunge tu, lakini hii sukari, mtu hajala kitu ikifika 7 tunaita ugonjwa. Wewe uko mlangoni.

Nikaanza kuahidi pale pale, nyama naacha, mafuta naacha, wala hakuandika chochote. Akaniuliza, chai unakunywa vikombe vingapi? Nikamwambia sista, chai si kitu, chai ni chai. Akasema haya, vijiko vingapi?

Rama nilikosa jibu! Kwangu sukari inatiwa kwa sufuria, inachemka pamoja na maziwa, inaingia kwenye chupa ya chai, wewe unamimina tu, nani atahesabu? Jioni nikasimama jikoni nikamwambia mama Swabra leo tia na kijiko, usimwage kutoka kwa kavera, ule mfuko wa plastiki. Sufuria ya vikombe vitano ilikula vijiko ishirini. Vinne kila kikombe, mimi nakunywa vitatu kwa siku, hivyo tayari 12, bado soda ya saa saba pale dukani, ile chupa ya mililita 300 ina gramu kama 30, ni vijiko saba vingine, tuko 19 na mandazi sijagusa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima gramu 50 ndio mwisho, kama vijiko 12 hivi, na ukiweza nusu yake ndio bora. Miaka yote naiogopa nyama ya mara moja kwa wiki, kumbe kitu chenyewe kiko mezani mara tatu kwa siku na nimekizoea mpaka hata sikitambui. Na hapa Jinja nitakimbilia wapi, kiwanda cha sukari cha Kakira kiko hapo tu, lori za miwa ndio zinatuamsha.

Sasa tumetoa sukari kwa sufuria, kila mtu atie mwenyewe, mimi kijiko kimoja. Wiki ya kwanza nilikua mkali kama mtu anayefunga bila daku. Halafu shangazi akaja kutoka Bombo. Akaonja, akaweka kikombe chini polepole, akamwita mama Swabra nyuma ya nyumba akamuuliza, mwanangu, duka limeanguka? Tukamweleza, akaitikia ndio ndio, asubuhi tunamkuta karudi kutoka sokoni na kilo mbili za sukari kazifunga kwa leso. Ningesema nini? Kwetu sisi kumpa mgeni chai isiyo na sukari si ni kama kumwonyesha mlango. Nikanywa ya kwake, vijiko vinne, na bana nakuambia ilinichoma koo kama dawa ya kikohozi. Nilishangaa mwenyewe.

Muchomo sijaacha, usiulize. Nimepunguza chumvi, na soda nimebadilisha na maji. Rolex naye kijana pale stejini nimemwambia yai mbili, chapati moja, mafuta asimimine, maana chupa yake ameitoboa kifuniko matundu matano, akiinamisha ni mvua.

Mwezi ujao narudi kupima, nitakuambia namba.

Ila kuna jambo. Najua ukishuka kutoka Arua unabeba ile asali yenu, jerikeni nzima. Nilimuuliza yule nesi kwa ujanja, eti asali si dawa? Akasema asali nayo ihesabu kwa kijiko. Kwa hiyo leta chupa ndogo tu, ile ya soda, na ukifika mpe mama Swabra mkononi, usiiweke mezani nikaiona.

Wako,
Baba Swabra