Foksiglavu yako haijafa, iko mwaka wa kwanza

Kila ifikapo Juni simu yetu ya kitalu hujaa picha za majani ya foksiglavu, ua la bustani tunaloliuza. Mteja kapiga picha kitu cha kijani kilichotandaa chini ya ukuta wa bustani, kipana, kimenona, na chini yake kaandika: “Kaka, maua yako wapi? Ya jirani yameshafika dirishani.” Mmoja aliuliza kama tulimuuzia mchicha. Karibu wote tunawajibu jambo lile lile: mche wako ni mzima kabisa, ila uko mwaka wa kwanza.

Foksiglavu ya kawaida hapa Uingereza, ile ambayo lebo yake imeandikwa Digitalis purpurea, huishi miaka miwili. Mwaka wa kwanza inatoa majani tu, yamelala chini, huku ikijiwekea akiba mizizini. Inapita baridi ya Desemba na Januari hivyo hivyo, na baridi hiyo ndiyo inayoifanya itoe maua. Hali ya hewa ikianza kupata joto, bua linachomoza katikati ya majani, na kati ya mwisho wa Mei na Julai unapata mita moja na nusu ya vikengele vya zambarau, wakati mwingine hata mita mbili. Ikishamwaga mbegu inakauka. Hapo pia tunapigiwa simu, “mmea wako umekufa,” na kweli umekufa, kwa sababu umemaliza kazi yake.

Ndiyo maana vyungu vyetu vina utepe wa rangi mbili. Mweupe ni miche ya mwaka huu, bei nafuu, maua mwakani. Wa zambarau ni iliyokwisha kupita baridi kitaluni, bei juu kidogo kwa sababu tumeitunza mwaka mzima. Zile zinazouzwa madukani mwezi wa Mei zikiwa tayari na maua ni nzuri kwa macho, sikatai, lakini ujue unachonunua ni wiki chache. Ukitaka tuta la maua lisilo na mwaka mtupu, chukua za tepe zote mbili kwa pamoja, au panda za utepe mweupe miaka miwili mfululizo. Baada ya hapo zitajipanda zenyewe na huenda usirudi kwetu tena kwa foksiglavu. Biashara gani hii, atasema mke wangu, lakini ndivyo ilivyo.

Mbegu zake ni ndogo kama ugoro, na hapo ndipo wengi wanapokosea: wanazifukia. Mbegu hii inahitaji mwanga ili iote. Inyunyize juu ya udongo laini wenye unyevu mwezi wa Juni au Julai, ibonyeze kidogo kwa kiganja, basi. Baada ya wiki mbili tatu utaona vijani. Vikishakuwa vya kushikika, vihamishie trei, na mwezi wa Septemba pandikiza kwenye tuta, ukiacha nafasi ya sentimita 45 hivi kati ya mche na mche. Ukitaka maua meupe peke yake, angalia vikonyo na mshipa wa kati wa majani machanga: mche wenye wekundu wa zambarau hapo utatoa maua ya zambarau, kwa hiyo ung'oe mapema.

Mahali pa kuipanda ni penye kivuli nusu. Huu ni mmea wa pembezoni mwa misitu, si wa jangwani. Chini ya mtufaha, nyuma ya tuta kando ya uzio, palipo na jua la asubuhi, hapo itakushukuru. Udongo uwe na mboji na ushike unyevu, lakini usituamishe maji. Maji yakisimama wakati wa baridi, shingo ya mmea huoza na majani yote hung'oka mkononi ukiyavuta.

Sasa vyungu, maana wateja wetu wengi wana sakafu ya mawe nyuma ya nyumba na bustani yenyewe ni upana wa mkeka. Foksiglavu inakubali chungu, ila si kile cha plastiki ulichoinunulia. Mzizi wake unataka chungu cha upana wa sentimita 30 au zaidi, kirefu, chenye matundu chini. Chungu chepesi chenye bua la mita moja na nusu kitaangushwa na upepo wa kwanza wa Juni, kwa hiyo chagua cha udongo kizito na uchomeke mwanzi wa kuegemea kabla bua halijarefuka. Au chagua aina fupi. Kwa vyungu sisi hupendekeza Dalmatian, isiyozidi sana nusu mita, nayo ikipandwa mapema huweza kutoa maua mwaka ule ule. Camelot nayo huwahi, lakini ni ndefu zaidi. Mwenye kupenda kitu cha pekee aulizie Illumination Pink, iliyotangazwa mmea wa mwaka kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea, London, mwaka 2012. Ni chotara wa foksiglavu ya hapa na jamaa yake wa Visiwa vya Canary. Haizai mbegu, hivyo inaendelea kuchanua muda mrefu, ila damu ya visiwa inaifanya iogope jalidi. Isogeze ukutani majira ya baridi.

Chungu hukauka upesi. Wakati wa joto chomeka kidole kila jioni. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini. Wakati wa baridi ondoa kisahani. Vidukari wakijaa kwenye ncha ya bua, wapige maji ya mpira. Ubwiri unga unakuja pale mmea unapokaa na kiu muda mrefu. Bua kubwa likimaliza maua, likate juu ya majani. Mara nyingi vibua vidogo vitatoka pembeni, na mmea ambao haukuzaa mbegu pengine utakuongezea mwaka mmoja.

Kabla ya kukata, kaa nayo kidogo asubuhi. Vikengele hufunguka kuanzia chini kwenda juu, na ndani vina madoadoa. Nyuki wakubwa wenye manyoya huanza na maua ya chini, yaliyokomaa na yaliyo tayari kupokea chavua, kisha hupanda hadi ya juu ambayo ndiyo yanayotoa chavua, halafu huruka kwenda mmea mwingine kuanza tena chini. Hivyo chavua ya mmea mmoja huangukia kwa mwenzake.

Lipo jambo ambalo hatuuzi mche bila kulisema. Foksiglavu yote ni sumu: majani, maua, mbegu, mizizi. Nyumba nyingi za Waswahili hapa zina kitanda cha sukuma wiki, mchicha na maboga ya kuchuma majani, na foksiglavu ya mwaka wa kwanza ni majani mapana, laini, yenye manyoya, ya kijivu upande wa chini. Watu wameshayadhania kuwa komfrei, mmea mwingine wenye majani yanayofanana nayo, na kuyachemsha chai. Mfikirie mama aliyekuja juzi kutoka nyumbani, ameambiwa achume mboga nyuma ya nyumba. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Usiipande karibu na mboga, na mche uliojiotea huko uung'oe ukiwa umevaa glavu. Nyumba yenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, sisi humshauri mzazi achukue ua jingine.

Na tafadhali, usiniulize kama majani haya yanatibu moyo. Ni kweli kwamba mwaka 1785 daktari William Withering wa Birmingham alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa foksiglavu, na kwamba hadi leo kuna vidonge vya moyo viitwavyo digoksini vinavyotokana na jamaa ya mmea huu. Lakini kipimo kinachotibu na kinachoua vimekaribiana mno, hata hospitali hupima damu ya mgonjwa. Mtu akiila akaanza kutapika, kizunguzungu, moyo kwenda ovyo au kuona vitu vya manjano, piga 999, simu ya dharura, papo hapo, na uende na kipande cha mmea.

Tunapandikiza matuta kuanzia Septemba hadi katikati ya Oktoba, udongo ungali na joto. Tutumie picha mbili za mahali penyewe, ya asubuhi na ya saa saba mchana, pamoja na vipimo vya chungu kama ni chungu. Utuambie pia kama kuna watoto, mbwa au kitanda cha mboga, ndipo tukupangie aina na rangi ya utepe.