Risala ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Uyole, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Moyo Duniani, 29 Septemba

Ndugu Mgeni Rasmi,

Karibu Uyole, na pole na vumbi la njiani.

Leo tungeweza kukusomea habari za chumvi na mafuta, ila hizo zimesemwa sana. Tumeona tuzungumzie neno linalosikika kwenye foleni ya kupima: "Presha yangu ni ya mawazo tu."

Neno hilo lina ukweli. Mtu akikasirika au kushtuka, adrenalini huingia kwenye damu, moyo hukimbia, mishipa hubana, presha hupanda. Akitulia, hushuka. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoanza kuziba, saa 2 za mwanzo baada ya hasira kali ni za kuangaliwa. Kibaya zaidi ni hofu isiyo na mwisho: deni la pembejeo, viazi vinavyoondoka shambani kwa lumbesa, ada ya mtoto. Mwenye mzigo huo halali vizuri, sigara na pombe huongezeka, na vidonge vikiisha kabla ya mavuno hanunui vingine.

Kosa liko kwenye hilo "tu". Mtu huona mawazo yamepungua, akaacha dawa. Presha haiumi, wengine huja kuijua kwa kiharusi.

Wapo pia wanaoiita ugonjwa wa wakubwa. Uchunguzi wa wanaume watumishi wa serikali mjini London, ulioanza mwaka 1967, ulikuta kinyume: wa ngazi ya chini kabisa, matarishi na mabawabu, walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mabosi wao, na sigara haikutosha kueleza tofauti yote.

Ndugu Mgeni Rasmi, hata kipimo chenyewe husoma hali ya mtu. Anayepimwa akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono usawa wa moyo, haja ndogo ameshamaliza. Kahawa na sigara aziache nusu saa kabla. Tunapima mara 2, tukiachia dakika 1 katikati. Asubuhi za hapa watu huja na sweta mbili: mkanda wa kipimo ukifungwa juu ya sweta, au mkono wa sweta ukikunjwa hadi ukabana, namba inadanganya. Ikisoma 140/90 au zaidi, tunampa siku ya kurudia. Ikifika 180/120 na kifua kinauma au mdomo umepinda, hapo ni kutafuta gari, si kupanga miadi.

Tunaomba mambo matatu. Viti vyenye egemeo, maana benchi letu halina mgongo na hilo peke yake hupandisha namba. Mikanda mikubwa, kwani mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo. Na pazia. Hili la tatu ndilo tunalolisisitiza: tunatakiwa kumuuliza mtu kama analala, kama anadaiwa, kama nyumbani kuna amani, na kwa sasa tunamuuliza huku anayemdai yuko nyuma yake kwenye foleni.

Tunaomba kuwasilisha.