Kuahirishiwa uamuzi si kukataliwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu pamoja na wakuu wa shule za sekondari kuhusu jambo lililotukuta nyumbani Desemba iliyopita, ambalo bila shaka limezikuta familia nyingine zenye vijana wa kidato cha sita wanaoomba kusoma Marekani.

Binti yangu alituma maombi ya mapema, ambayo vyuo vingi vya huko huyapokea hadi Novemba na kuyajibu katikati ya Desemba. Jibu lilitolewa saa moja jioni kwa saa za New York, yaani saa tisa usiku kwetu Dodoma. Nilimkuta amekaa ndani ya chandarua, mwanga wa simu ukimmulika usoni, anairudia aya ileile. Chuo hakikumchukua wala hakikumkataa. Kilisema kimeahirisha uamuzi, na kwamba maombi yake yatapitiwa upya pamoja na ya waombaji wa kawaida, ambao hujibiwa mwishoni mwa Machi. Asubuhi bibi yake, aliyekuja kututembelea kutoka Kongwa, alimuuliza, "Wamekukataa, mjukuu wangu?" Naye, kwa kukosa neno la kueleza, akajibu, "Ndiyo, bibi." Siku nne hakugusa daftari, ilhali mtihani wa taifa wa Mei unamsubiri.

Mzazi, mwambie mwanao mapema kwamba aliyeahirishiwa bado yumo. Hata kama aliomba kwa utaratibu unaomfunga kujiunga na chuo hicho akikubaliwa, kifungo hicho huisha uamuzi unapoahirishwa, na yuko huru kuomba kwingine. Afanye hivyo haraka, maana vyuo vingi hufunga maombi ya kawaida siku za mwanzo za Januari. Kwa chuo kilichoahirisha, kama kinaruhusu, aandike barua moja fupi ya kusema kwamba bado anakitaka na amefanya nini tangu Novemba. Binti yangu aliandika nusu ukurasa kuhusu watoto wa jirani anaowafundisha hesabu barazani kwetu kila Jumamosi, na nikamzuia kuambatanisha vyeti vya darasa la saba.

Kilichotutesa zaidi ni nyaraka za shule. Vyuo vingine tulivyokusudia kuomba vilihitaji matokeo yake ya kidato cha tano na cha sita yakiwa na muhuri, lakini shule ilikuwa imefungwa, mwalimu wa taaluma yuko kwao kijijini ambako simu haipatikani, na muhuri umefungiwa ofisini. Chuo kimoja tulikikosa kwa sababu hiyo tu, na sioni kwamba mwalimu yule alikosea, kwani likizo ni haki yake. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kazi hiyo.

Nawaomba wakuu wa shule, kabla ya kufunga muhula wa Desemba, wamteue mtu mmoja mwenye ruhusa ya kutoa matokeo na kuyagonga muhuri hadi wiki ya kwanza ya Januari, na namba yake ya simu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Matokeo ya muhula nayo yatumwe mara shule ikifunguliwa, kwa kuwa ndiyo chuo kilichoahirisha uamuzi hutaka kuyaona kabla ya kuamua.

Mzazi,
Area C, Dodoma